Aliyepakiwa Nyuma: Utii na Ridhaa katika Filamu ya Pillion

Filamu ya Pillion ya mwongozaji Mwingereza Harry Lighton ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes mwezi Mei 2025, kwenye kitengo cha Un Certain Regard, na ikapata tuzo ya mswada bora wa kitengo hicho. Jina lake ni neno la Kiingereza la siti ya nyuma ya pikipiki, pale anapokaa anayepakiwa. Mkazi wa Kigali akishaambiwa maana hiyo hahitaji maelezo zaidi. Hapa Kagugu, katika sekta ya Kinyinya, wengi wetu huanza siku kwenye siti hiyo. Unapokea kasike kutoka kwa motari, unaivaa, unapanda, na kuanzia hapo mwili wako uko mikononi mwa mtu ambaye hata jina lake hulijui. Anapoinama kwenye kona, nawe unainama. Ukijikaza kuelekea upande wa pili, mnaanguka wote wawili. Nimeamua kuanzia uhakiki huu kwenye siti hiyo kwa sababu naiona kuwa ndiyo taswira inayobeba dhamira ya filamu nzima, na kwa sababu mtu akiitazama filamu hii kwa haraka ataishia kwenye ngozi na minyororo asifike kwenye siti.

Msuko wake ni mwepesi. Colin, anayeigizwa na Harry Melling, ni mwanamume mtu mzima ambaye bado anaishi na wazazi wake huko Bromley, pembeni mwa London. Kazi yake ni kuwaandikia faini walioegesha magari vibaya, kazi isiyompa mtu marafiki wengi. Muda wake wa mapumziko anautumia kuimba katika kikundi cha sauti nne. Wakati wa Krismasi anakutana na Ray, anayeigizwa na Alexander Skarsgård: mwendesha pikipiki mrefu, mzuri wa sura, mchache wa maneno, aliyevaa ngozi mwili mzima. Uhusiano wao unaanza kwa masharti ambayo hakuna aliyeyatamka. Ray anaamuru, Colin anatii. Colin anapika, anasafisha, na usiku analala sakafuni wakati Ray yuko kitandani. Ananyoa kichwa. Anavaa shingoni mnyororo wenye kufuli, na ufunguo si wake. Chumbani vilevile mmoja hutawala na mwingine hutawaliwa, na filamu haifichi kwamba Colin anayafurahia hayo.

Kazi hii imetokana na riwaya fupi ya Adam Mars-Jones, Box Hill, iliyochapishwa mwaka 2020. Riwaya inaanzia mwaka 1975, ilhali filamu imehamishia mambo katika zama zetu. Badiliko la pili ni kubwa zaidi. Katika riwaya Ray anakufa kwa ajali ya pikipiki. Katika filamu anatoweka. Nitarudi kwenye badiliko hilo, maana hapo ndipo nguvu na udhaifu wa filamu vinapokutana.

Hoja yangu ni hii: Pillion haisemi kwamba kufungwa mnyororo ni mapenzi, wala haisemi kwamba kufungwa mnyororo ni ukatili. Inauliza swali gumu kuliko hayo mawili. Je, aliyekubali kutii alipewa nafasi ya kusema anakubali nini, mpaka wapi, na kwa muda gani? Mnyororo unaweza kuwa mchezo wa watu wazima wawili wanaoaminiana. Unaweza pia kuwa mnyororo kweli. Tofauti yake haimo kwenye chuma. Imo kwenye mazungumzo yaliyotangulia, na kwenye uhakika kwamba ukisema basi, mwenzako ataacha.

Kabla ya kuendelea, inafaa kueleza ngozi na pikipiki zimetoka wapi, kwa sababu mtazamaji wa huku anaweza kudhani kuwa ni kituko alichobuni mwongozaji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari wengi wa Marekani walirudi nyumbani wakiwa wamezoea pikipiki, koti zito na urafiki wa kambini. Mwaka 1953 filamu ya The Wild One ilimfanya Marlon Brando, juu ya pikipiki na ndani ya koti la ngozi, kuwa sura ya kijana asiyetii mtu. Mwaka uliofuata, 1954, wanaume wapenzi wa jinsia moja walianzisha klabu ya pikipiki ya Satyrs huko Los Angeles. Huko Ufini, mchoraji Touko Laaksonen, aliyejulikana kama Tom of Finland, alichora kwa miongo kadhaa wanaume wa aina hiyo: wenye misuli, sare, buti na tabasamu. Posta ya nchi yake ilitoa stempu zenye michoro yake mwaka 2014. Uingereza nayo ina klabu ya waendesha pikipiki mashoga iliyoanzishwa miaka ya 1970, na baadhi ya wanachama wake wanaonekana katika Pillion wakiigiza kundi la Ray.

Historia hii ina maana kwa uhakiki. Kwa muda mrefu jamii ilimchora mwanamume anayempenda mwanamume kuwa kiumbe dhaifu, wa kuchekwa. Ngozi na pikipiki zilikuwa jibu: walichukua vazi la mwanamume ambaye jamii inamwogopa, wakalivaa wao. Hata michezo ya kuamuru na kutii ilikua humo, pamoja na adabu zake. Watu hukubaliana kabla. Huwepo neno moja ambalo likitamkwa, kila kitu kinasimama. Anayefunga ana wajibu wa kumwangalia aliyefungwa. Kwa hiyo, kinyume na inavyodhaniwa, utamaduni huu umelizungumzia suala la ridhaa kwa undani kuliko ndoa nyingi tunazozijua.

Hapa ndipo usawiri wa Ray unapokuwa wa kuvutia. Ray ana vazi lote la utamaduni huo, lakini hana adabu zake. Hazungumzi. Hatumwoni akimuuliza Colin anataka nini. Hasemi kazi yake ni ipi wala ametoka wapi. Filamu inamweka katikati ya kundi la waendesha pikipiki wanaocheka, wanaokula pamoja nje ya mji na kutaniana, na miongoni mwao wamo wengine waliochagua kutii. Tofauti inaonekana bila kuelezwa. Wale wengine wana utii wenye maneno. Colin ana utii wenye kimya. Mwongozaji angeweza kulifanya kundi zima kuwa la kutisha, na watazamaji wengi wangemwamini kwa urahisi. Hakufanya hivyo, na kwangu huo ndio uamuzi wake bora wa kifani. Kundi ndilo kipimo ambacho kwacho tunampima Ray, na kwa kipimo hicho Ray anapungua.

Sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili tunapaswa kulielewa jambo hili vizuri, kwa kuwa vitabu vyetu vimejaa vifungo visivyo na ridhaa. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, Zakaria anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na malezi hayo ya kipigo na woga yanamfuata Rosa mpaka yanammaliza. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, Maimuna anafungiwa ndani ya nyumba na baba yake, Maksuudi, ambaye yeye mwenyewe nje ya nyumba hiyo hajifungi na lolote. Tunavisoma vitabu hivi darasani, tunajibu maswali ya mtihani kuhusu dhamira ya malezi na nafasi ya mwanamke, na hakuna anayefunika uso. Nilipowaambia wenzangu kuwa nataka kuandika kuhusu Pillion, swali la kwanza lilikuwa: kwani hakuna kitu kingine cha kuhakiki?

Swali hilo nimelitafakari. Kipigo cha Zakaria hakikumshtua yeyote, kwa sababu ni baba na binti yake, na tumezoea. Mnyororo wa Colin ulishtua hata kabla sijaeleza kisa, ingawa Colin ni mtu mzima, aliupokea mwenyewe na angeweza kuondoka. Kinachotushtua, basi, si kifungo. Tungeshtushwa na kifungo, Utengano ingetukosesha usingizi. Kinachotushtua ni nani kafungwa na nani, na kwamba aliyefungwa anatabasamu. Huo ni udhaifu wa mizani yetu, na filamu nzuri ni ile inayotuonyesha kuwa mizani yetu imepinda.

Tuligeukie suala la kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini tuna pia desturi ya kukisoma kimya kama ndiyo. Katika ndoa za Waislamu wa pwani, kimya cha mwanamwali anapoulizwa huhesabiwa kuwa ridhaa, kwa hoja kwamba haya zinamzuia kusema. Desturi hiyo ilikusudiwa kumhifadhi binti, na angalau ndani yake kuna mtu aliyeuliza. Swali lilitolewa, likasikika, jibu likasubiriwa. Katika nyumba ya Ray hata swali halipo. Colin anakisoma kimya cha Ray kama upendo, Ray anakisoma kimya cha Colin kama ndiyo, na kila mmoja anaishi na tafsiri yake. Melling anaigiza hali hii kwa macho zaidi ya maneno: anamtazama Ray kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani ambao hakuambiwa maswali yake.

Anayekuja kuuliza swali ni Peggy, mama yake Colin, anayeigizwa na Lesley Sharp. Peggy ni mgonjwa wa saratani na anajua hatapona. Hana tatizo na mwanawe kumpenda mwanamume. Kinyume chake, yeye na mumewe wamekuwa wakitamani Colin apate mtu. Anapomwona Ray mezani kwake, anamkabili waziwazi kuhusu namna anavyomtendea mwanawe. Tukio hili ni zuri kwa sababu filamu haimpi Peggy ushindi wa moja kwa moja. Ndani ya hasira yake mna upendo wa mzazi, na mna pia kutoelewa. Mtazamaji anaachwa akiwa amekubaliana naye nusu. Peggy anakosea akidhani kwamba kutii kwenyewe ni kudhalilishwa. Anapatia akihisi kwamba mwanawe hana pa kusema hapana. Mhusika anayekosea na kupatia katika sentensi moja ni mhusika aliyeandikwa na mtu anayejua kazi yake.

Swali la Peggy lina historia ndefu katika nchi yake. Mwaka 1993, katika kesi inayojulikana kama R v Brown, jopo la majaji wa Bunge la Malodi liliamua kwa kura tatu dhidi ya mbili kwamba ridhaa haikuwa utetezi kwa wanaume waliohukumiwa kwa kuumizana katika michezo ya faragha waliyokubaliana. Miaka minne baadaye, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa kuilaumu Uingereza kwa hukumu hizo. Kwa hiyo hata kule, ambako leo wanaume wawili wanaweza kufunga ndoa, ridhaa katika jambo hili haikukubaliwa kirahisi.

Huku kwetu mlango ni mwembamba zaidi. Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa mwezi Mei 2019 kuondoa vifungu vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria ambayo kwa baadhi ya makosa inataja adhabu ya kifo. Rwanda imekwenda njia yake: pendekezo la kuyafanya mapenzi hayo kuwa kosa la jinai lilijadiliwa mwaka 2009 na likaachwa, na sheria haimwadhibu mtu mzima kwa hilo. Lakini kutokuwepo kwa adhabu hakujaleta mazungumzo. Tumebaki na kimya, na nimekwisha kusema kimya hufanya nini. Mtu anayeishi katika kimya hawezi kujifunza kuomba anachotaka, wala kukataa asichotaka, kwa sababu vyote viwili huhitaji maneno. Kijana wa aina ya Colin akiwa hapa, angejifunzia wapi kwamba kuna kitu kinaitwa kukubaliana kabla? Akikutana na Ray wake, angemwambia nani?

Nailinganisha Pillion na Rafiki ya Wanuri Kahiu, ambayo mwaka 2018 ilionyeshwa katika kitengo hichohicho cha Cannes, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwa tamasha hilo, na ikapigwa marufuku nyumbani kwao. Mwezi Septemba mwaka huo mahakama iliiruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu. Kahiu alieleza kwamba bodi ya filamu ilitaka abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi, naye akakataa. Jambo hilo linafundisha. Hadithi ya wapenzi wa jinsia moja wanaoteseka huvumilika. Hadithi yao inayomalizikia kwenye tumaini ndiyo huonekana kuwa hatari. Pillion nayo inaamua kuwa na tumaini, na ndiyo maana mwisho wake unahitaji kuchunguzwa kwa makini.

Baada ya kifo cha Peggy, Colin hawezi tena kutii kama zamani. Anadai siku ya mapumziko: siku moja ya kuwa wapenzi wa kawaida wanaotembea pamoja. Ray anakubali. Siku hiyo ni tamu, wanabusiana, na kwa mara ya kwanza nyuso zao ziko sawasawa. Kisha Ray anatoweka. Nyumba ni tupu, simu haijibiwi. Colin anamtafuta, anaumia, na hatimaye anakutana na mwanamume mwingine, safari hii akitaja mapema kile anachokubali na kile anachohitaji, ikiwemo siku yake ya mapumziko kila wiki.

Udhaifu nauona katika kutoweka huko. Ray ndiye mhusika aliyeulizwa swali zito kuliko wote, yaani unaogopa nini, na filamu inamwondoa kabla hajalijibu. Riwaya ilimwua, na kifo hakina deni la maelezo. Lakini mtu anayeondoka kwa miguu yake anatuachia deni, na Lighton halilipi. Inaelekea alitaka tuone kwamba Ray hawezi kustahimili usawa hata kwa siku moja. Kama ndivyo, angetuonyesha dalili zake mapema zaidi. Ilivyo sasa, uzuri wa sura ya Skarsgård unafanya kazi ambayo mswada ulipaswa kuifanya: tunamsamehe Ray kwa kuwa ni mzuri, kama Colin alivyomsamehe. Asiyekuwapo na lake halipo, na hivyo Ray anaondoka bila hukumu wala utetezi.

Hata hivyo, mwisho wenyewe naukubali, tena kwa sababu ambayo baadhi ya watazamaji huenda wasiipende. Colin haachi kutii. Filamu nyingi zingemponya: zingemvua mnyororo, zikamtafutia mpenzi mpole, tukaenda nyumbani tumeridhika kwamba amekuwa kama sisi. Lighton anamwacha awe alivyo. Anachojifunza Colin ni kwamba hata anayetaka kutawaliwa ana haki ya kuweka masharti, na kwamba masharti hayo hayapunguzi raha bali ndiyo yanayoifanya iwezekane. Anabaki nyuma ya pikipiki, lakini sasa anajua safari ni ya wapi, na anaweza kugonga bega la dereva akashushwa.

Hilo bega ndilo ninalotaka msomaji abaki nalo. Kila abiria wa moto hapa mjini analijua. Anayepakiwa hashiki usukani na haamui kasi, lakini kabla ya kupanda alitaja aendako na wakakubaliana bei, na akigonga bega, pikipiki husimama. Motari asiyesimama anapogongwa bega si dereva hodari; ni mtekaji. Kwa kipimo hicho tunaweza kuihakiki Pillion, na Utengano, na ndoa ya jirani, bila kuhitaji kwanza kuamua kama tunawapenda watu waliomo ndani yake. Mhakiki haombwi kuwapenda wahusika. Anaombwa kuwapima kwa mizani moja.